Kaburi la Wawili na Duara la Wanaume Mashuhuri

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Wamekuja kumchukua Evaristo!

Miaka ishirini na mbili mume wangu yuko chini ya ardhi, ametulia, halewi, hadanganyi, hapotei Ijumaa akarudi Jumapili. Katika ndoa yetu yote hii ndiyo miaka iliyokwenda vizuri. Na leo nimekaa nachambua maharagwe, mlango unagongwa — serikali ya jimbo inamtaka.

Aliyetumwa ni Licenciado Pliego, wa ofisi ya Gavana. Mjini kwetu kila mwenye tai ni Licenciado, lakini huyu anaitika kama aliyezaliwa na cheo mdomoni. Kijana, nywele za mafuta, manukato mpaka maharagwe yangu yakanukia. Amekaa kwenye kiti cha Evaristo bila kukaribishwa. Akasema Baraza limeshapitisha: mji ukitimiza miaka mia nne, tarehe ishirini na nne, mifupa ya Don Evaristo Arizmendi, Mwanahistoria Rasmi wa Mji, itatolewa makaburi ya San Lázaro na kuingizwa kwenye Duara la Wanaume Mashuhuri, pale mbele ya Ikulu ya jimbo. Bendi, mizinga, watoto wa shule.

"Na Gavana mwenyewe atalia, Doña Obdulia."

"Imeshapangwa kwamba atalia?"

"Imo kwenye ratiba, Doña."

Nikamwuliza: na mimi je? Akasema mimi ni mstari wa mbele, kiti cha mahameli. Nikamwambia sijauliza nitakaa wapi, nimeuliza nitalala wapi. Akatazama saa yake. Hakuelewa. Watu wa umri wake wanadhani kulala ni kitandani tu.

Kaacha karatasi ya kutia saini. Nimeiwekea sufuria juu.

Jumanne, 6 Oktoba

Sijapata usingizi. Acha niseme wazi, maana hapa hanisomi mtu.

Kaburi lile nililinunua mimi. La wawili. Fundi alitaka kunijengea mmoja juu, mmoja chini, eti ndiyo mtindo na ni rahisi. Nikamwambia, baba, juu na chini nimeshakaa vya kutosha, sasa nataka ubavuni. Shoga yangu Chole alicheka mpaka akakalia kaburi la watu. Basi likajengwa bega kwa bega: Evaristo upande wa ukutani, mimi upande wa njiani, vilevile kama kitandani. Jiwe moja la kichwani. Jina lake juu, langu chini, limeshachongwa, linasubiri tarehe tu. Kila tarehe mbili ya Novemba, Siku ya Marehemu, nikienda na maua ya njano najisoma.

Mwenye kujua mji huu anajua kwa nini nalilia ubavu huo. Evaristo alikuwa wa watu wote. Wa chama, wa kamati, wa kantina, ile baa ya Jicho la Maji, wa kila karamu yenye kipaza sauti. Na alikuwa wa Amparo. Amparo, nyuma ya soko, nyumba ya bluu, na mtoto wa kiume juu. Huyo ndiye aliyepata Ijumaa, Jumamosi na sikukuu zote za hadhara. Mimi nilipata Jumatatu, na homa zake za tumbo.

Lakini kifo kina adabu kuliko watu. Mke wa ndoa ndiye anayepewa maiti. Amparo alisimama mbali, kwenye misonobari, na shela lake. Mimi nilimpata peke yangu, bila kugawana. Amparo naye akafa miaka kumi na moja iliyopita, mimi niko Tijuana kwa binti yangu Socorro, nyonga imevunjika. Chole akaniandikia kwamba wamempeleka kwao Tepozán. Nikasema Mungu amrehemu, na Tepozán ni mbali, vizuri zaidi.

Sasa wakimtoa Evaristo mimi nitalala karibu na shimo. Milele. Peke yangu, kama Jumamosi zote zile!

Ijumaa, 9 Oktoba

Licenciado karudi. Kaja na keki safari hii. Nimemwambia nina sharti: nitatia saini wakinipa na mimi nafasi humo Duarani, pembeni yake. Sihitaji sanamu. Sihitaji bendi. Nafasi ya mwanamke mwembamba tu.

Akasema, "Iandike, Doña, nitaipeleka kwa mkono wangu." Nikaandika ombi, karatasi nzima, mwandiko wangu niliofundishwa na masista. Nikatia saini ombi. Akanisogezea na ile karatasi nyingine, nami nikatia saini zote mbili, moja baada ya nyingine, kama mjinga. Mtu wa miaka sabini na nne! Alipotoka ndipo nikajiuliza kwa nini sikusubiri jibu kwanza.

Keki ilikuwa kavu.

Jumapili, 11 Oktoba

Tangu asubuhi watoto wanafanya mazoezi uwanjani. Wanaimba, "Tarehe ishirini na nne, siku tukufu ya kuzaliwa." Nimefunga dirisha, nimecheka peke yangu.

Siku tukufu! Mji huu hauna siku ya kuzaliwa. Hati ya kuanzishwa kwake haikuwahi kuonekana. Evaristo aliandika kwamba iliungua kwenye moto wa nyaraka, na moto wenyewe sijapata kumwona mtu mwingine anayeukumbuka. Alikuwa mezani, kalamu mkononi, kitabu chake kimefika sura ya kwanza na kimekwama. Alitaka Kapteni mwanzilishi aingie bondeni mwezi wa Julai. Nikamwambia, Julai na mvua hii? Farasi watazama, na maonyesho ya kila mwaka yatafanyika kwenye matope. Weka Oktoba. Mvua zimekwisha, mahindi yamekomaa, na haigongani na sikukuu ya parokia. Akafikiri. "Tarehe?" Nikasema ishirini na nne, ndiyo siku ya kuja fundi gesi, hutaisahau.

Hivyo ndivyo mji mkuu wa jimbo ulivyoanzishwa: mimi nikimenya viazi. Sasa ipo kwenye vitabu vya shule, kwenye nembo, kwenye vifuniko vya mifereji. Duarani kuna wanaume kumi na tisa na hakuna hata mmoja aliyefanya jambo la kudumu hivyo. Yumo Jenerali Zubieta aliyeshindwa vita vyote akafa kitandani. Yumo Daktari Olvera aliyepiga vita kipindupindu hadi kipindupindu kikampiga yeye. Yumo mbunge aliyehutubia saa nzima na hakuna anayekumbuka kuhusu nini.

Jumatatu, 12 Oktoba

Jibu limekuja. Kwa simu, hata keki hakuna.

Hapana. Licenciado anasikitika, lakini kanuni ni kanuni: Duara ni la Wanaume, tena Mashuhuri. Mimi sina sifa hata moja kati ya hizo mbili. Nikamwambia basi nirudishie saini yangu. Akasema, Doña, imeshapigwa mhuri.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimelia. Naandika hapa kwamba nimelia, kisha nikaosha vyombo.

Alhamisi, 15 Oktoba

Kioja! Amekuja Cuco, mwana wa Amparo. Mwenye duka la dawa. Miaka arobaini na zaidi, kipara kimeanza, na pua ya Evaristo imekaa pale usoni kama mgeni asiyeaga. Hajawahi kukanyaga kizingiti changu. Amebaki mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Mimi si mama yako mkubwa wala mdogo. Sema shida yako."

Anataka nizuie kufukuliwa. Anasema marehemu wasisumbuliwe. Anasema ardhi ni ardhi. Anatokwa jasho, na nje kuna baridi ya kuvaa shela mbili. Nikamwambia nimeshatia saini, na wameigongea mhuri. Akawa mweupe kama vidonge vyake.

"Huwezi hata kusema unaumwa, Doña? Waahirishe?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka Gavana mwingine."

Nikamhurumia kidogo. Nikadhani, kumbe huyu naye anampenda baba yake pale alipo. Nikampa kahawa, akainywa wima, akaondoka. Chole alikuwa dirishani kwake na kesho soko zima litajua.

Jumamosi, 17 Oktoba

Socorro kapiga simu kutoka Tijuana. Amefurahi, kanunua gauni. Nimemwambia kuhusu kulala peke yangu. Akasema, mama, mtu akishakufa hajui yuko na nani. Nikamwambia mimi nilikuwa hai na nilikuwa najua, sasa wacha nijichagulie.

Haji. Tikiti zimekwisha. Gauni anabaki nalo.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nianze mwanzo.

Saa nne, San Lázaro. Licenciado Pliego na miwani ya jua. Daktari wa afya kasimama nyuma ya msonobari na leso puani. Mlinzi wa makaburi, mpya, wa zamani alishazikwa humohumo. Wachimbaji wawili. Sanduku dogo la mti wa mwerezi lenye nembo ya jimbo, kwa ajili ya mifupa. Na Cuco, sijui kaitwa na nani, kaegemea kaburi la jirani kama anayetaka kuingia.

Wakainua jiwe la juu. Mchimbaji akachungulia, akamtazama mwenzake.

"Bosi, mmesema tumtoe yupi?"

"Wapo wangapi?" akasema Licenciado.

"Wawili."

Nilisogea mwenyewe, mkongojo wangu na mimi. Wawili! Bega kwa bega, mbao za majeneza zimeoza na kulegea, na kila mmoja ndani ya kanzu ya kahawia ya Mtakatifu Fransisko, kamba kiunoni, kofia ya kanzu imevutwa mpaka kwenye nyusi, miguu mitupu. Huku kwetu mtu mwenye adabu huzikwa hivyo. Mama yangu alizikwa hivyo. Evaristo aliwatukana mapadre majukwaani miaka thelathini, nami nilimvisha hivyohivyo nikafunga jeneza mapema, wenzake wa chama wasione. Licenciado aliona leo. Akasema taratibu, "Kanzu ya mtawa? Don Evaristo?" Kisha akasema hilo lisiandikwe.

Upande wa ukutani mmoja. Upande wa njiani, UPANDE WANGU, mwingine!

Nikageuka. Cuco alikuwa analia tayari. Sikuhitaji kuambiwa, lakini aliniambia, amenishika mkono, sauti ya chini ya mtu anayeungama. Mama yake hakupelekwa Tepozán. Cuco alikwenda ofisi ya makaburi, akaonyesha jina lake la baba, Arizmendi, kaburi la familia ya Arizmendi, nao wakaandika "Señora wa Arizmendi", yaani mke wake, na kufungua. Kwani mjini hapa nani hakumwita hivyo? Mimi niko Tijuana na nyonga yangu.

"Baba alimwahidi, mama mkubwa. Alimwahidi ubavu huo."

Ahadi! Kaburi langu! Alimwahidi na hela zangu, kabla halijajengwa!

Miaka kumi na moja nimekwenda na maua, nimepiga magoti, nimeongea na mume wangu, na Amparo yupo pale ananisikiliza. Nimewaambia mambo! Nimemsema yeye mwenyewe, usoni kwake. Na pale jiwe liliposomeka jina langu nilikuwa naliosha kwa sabuni, mpangaji kalala chini.

Licenciado hakutaka kujua ni nani. Alitaka kujua ni yupi. Daktari wa afya alikuja hatua chache, akasema mifupa ni mifupa, nywele hakuna — Amparo ugonjwa ulimmaliza nywele, hilo najua, nilifurahi siku hizo, Mungu anisamehe — na uchunguzi kamili hufanywa mji mkuu wa nchi, wiki tatu.

"Wiki tatu?" akasema Licenciado. "Jumamosi tunapiga mizinga!" Kisha akanigeukia, akavua miwani kwa mara ya kwanza. Ana macho ya mtoto aliyevunja chungu. "Doña Obdulia. Wewe ndiye mke. Wewe utamjua. Tuonyeshe tu kwa kidole, nasi hatutaandika zaidi."

Nilimjua tangu jiwe lilipoinuka. Si kwa upande wa ukutani tu. Vidoleni mwake ilikuwepo rozari yangu ya Komunyo ya Kwanza. Punje moja ilipotea nikiwa msichana, nami nikaishonea kifungo cha shati mahali pake. Kifungo kile kilikuwa kinanitazama. Cheupe, matundu manne.

Nikawaza: nikinyoosha kidole ukutani, wanamchukua, na mimi nabaki na kaburi lenye Amparo. Nitalala na Amparo. Hiyo ndiyo zawadi ya mke mwaminifu. Nikiwaza hivyo, nikamwona Evaristo mezani na kalamu, anauliza, "Tarehe?"

Nikanyoosha kidole upande wa njiani.

"Huyo hapo," nikasema. "Mume wangu."

Cuco alimzika mama yake kwa mikono yake. Anajua upande. Akafungua kinywa. Nikamkazia macho. Nikaona anaelewa, polepole, jinsi chai inavyokolea: bendi, mizinga, Gavana, mama yake ambaye mapadre walimnyima benchi kanisani. Akafunga kinywa. Akapiga ishara ya msalaba.

Wakamweka Amparo kwenye sanduku la mwerezi, mfupa kwa mfupa, wakafunika bendera ya jimbo. Licenciado akanibusu mkono. Evaristo wakamfunika tena palepale alipo. Mlinzi akauliza huyu anayebaki aandikwe nani. Licenciado akasema, "Mtu mwingine."

Nimerudi nyumbani nimekula sahani mbili za mole, mchuzi wa pilipili, ya bata mzinga. Sijisikii vibaya. Nimejaribu kujisikia vibaya, haiji.

Ijumaa, 23 Oktoba

Sanduku limelala Ikulu chini ya taa nne, watu wanapita kutoa heshima. Chole kapanga foleni. Kaniambia kalia, na kwamba Evaristo hata akiwa ndani ya boksi bado ana haiba. Nimemwambia ndiyo, haiba haiozi.

Nimepitia San Lázaro na sabuni. Upande wangu uko wazi. Umefagiwa. Nimemwambia Evaristo: sasa tupo wawili tu, mzee, na safari hii huna pa kwenda. Nilikaa pale muda mrefu. Nilikuwa na furaha! Naandika neno hilo lote. Furaha.

Jumamosi, 24 Oktoba

Kiti cha mahameli kweli. Kina kunguni, nimejikuna mpaka sasa.

Uwanja umejaa, jua kali, mawe ya waridi ya Ikulu yanawaka. Mji umetimiza miaka mia nne, nami peke yangu najua kwamba tarehe hiyo ilizaliwa nilipokuwa namenya viazi. Watoto waliimba. Mizinga ilipiga, njiwa wakaruka, mjumbe wa Baraza akajifunika kichwa. Sanduku likabebwa na askari sita. Amparo, mabegani mwa jeshi! Alikuwa hapiti uwanja huu isipokuwa pembeni, chini ya matao, wake wa watu wasimtemee mate. Leo wake hao hao walisimama. Niliwaangalia mmoja mmoja wanavyopiga magoti. Sitasema nilifikiri nini, ila nilitabasamu, na gazeti limeniandika "mjane mwenye utulivu."

Cuco alilia kwa sauti, watu wakasema mtoto wa nje ana mapenzi kuliko wa ndani. Gavana naye alilia. Kwenye ratiba ilikuwa baada ya wimbo, yeye kaanza kabla.

Na hapo ndipo!

Gavana kakunja hotuba. Kasogelea kipaza sauti. Kasema jana jioni, mezani kwake, amekuta ombi. Ombi la mwanamke. Akalitoa mfukoni — mwandiko wangu wa masista! — akalisoma mbele ya mji mzima na redio ya jimbo. "Sihitaji sanamu. Sihitaji bendi. Nafasi ya mwanamke mwembamba tu." Sauti ikamkatika, na hii haikuwa kwenye ratiba. Akasema kanuni zimetungwa na watu na watu wanaweza kuzifungua. Kwa amri maalumu, Doña Obdulia, mke mwaminifu, siku Mungu atakapomwita, atalazwa Duarani ubavuni mwa huyu hapa. Akapapasa sanduku.

Uwanja ukalipuka. Chole kazimia, au kajifanya. Wanawake wananibusu. Nikainuka, nikakaa, nikainuka. Nilisema kitu, sijui nini. Nikamtafuta Cuco kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na mpaka sasa sijui kama ilikuwa kilio.

Milele na Amparo. Kwa ombi langu mwenyewe, kwa maandishi.

Jumapili, 25 Oktoba

Siku ya mapumziko, na Licenciado Pliego yuko sebuleni kwangu. Naandika hapa jikoni, kisingizio kahawa.

Kaja na amri iliyofungwa utepe mwekundu, mihuri mitatu, mahali pa saini yangu pameachwa. Anasema tumalize leo, Gavana anaondoka kesho. Nimejaribu. Nimesema mimi ni mtu mdogo, sistahili. Akasema unyenyekevu huo ndio Gavana alioupenda. Nimesema nimelizoea kaburi langu la San Lázaro. Akacheka.

"Usijali la San Lázaro, Doña. Yule aliyebaki mle ameshapata mwenyewe. Yule bwana wa duka la dawa kaja ofisini asubuhi na mapema, kabla hata ya misa. Kasema yule mtu mwingine aliyebaki ni mama yake, alizikwa pale kwa makosa, anaomba ruhusa amhamishie kwao, Tepozán. Nimemgongea mhuri papo hapo. Wanamchukua leo."

Tepozán! Evaristo, kati ya shangazi na binamu za Amparo, kwenye kilima cha mbuzi! Na mimi Duarani na Amparo, pamoja na Jenerali Zubieta!

Cuco hakukosea. Anajua upande. Mama kaiachia serikali, baba kajichukulia, na mimi ndiye niliyenyoosha kidole. Pua ya Evaristo ndiyo hiyo, na akili zake zimo humo humo.

Nikisaini, ndiyo hivyo. Nisiposaini, itabidi niseme kwa nini — na nikisema kwa nini, wanafungua sanduku la mwerezi mbele ya ulimwengu, Amparo anatolewa kama mwizi, Evaristo anaingizwa, amri yangu inachanwa kwa uongo wangu, na mimi nabaki na kaburi tupu. Nimepiga hesabu kwa kila upande. Hakuna upande ambao niko naye.

Kwa dirisha la jikoni nauona mtaa. Pikapu ya duka la dawa imepita sasa hivi, taratibu, inakwenda njia ya San Lázaro. Nyuma kuna sepetu na sanduku jipya, la msonobari wa kawaida. Cuco kaniona dirishani. Kavua kofia.

"Doña Obdulia," anaita Licenciado, "kalamu ninayo mimi hapa!"

Nimemjibu asubiri, kahawa bado haijachemka. Imechemka zamani, imemwagika jiko zima, nami nimeshika mkongojo, na pikapu bado haijafika kwenye kona.